Pini ya Ekseli Iliyochongwa Mara Tatu: Uchambuzi wa Kisa cha Trekta la Magu

Mwezi Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimeshalainisha mbuga za kandokando ya Mto Simiyu, mama mmoja mwenye trekta la kulimisha alifika karakana kwetu Nyakato, jijini Mwanza, akiwa na boriti ya ekseli ya mbele iliyofungwa kamba juu ya gari la mizigo. Mkononi alishika mfuko wa saruji wenye pini mbili zilizoliwa. Aliziweka juu ya meza, akaitenga moja, akatoa ombi ambalo kila mkereza vyuma wa kanda hii amelizoea: "Mwanangu, nichongee kama hii."

Tulilikataa ombi hilo jinsi lilivyotolewa, na sababu ya kulikataa ndiyo kiini cha uchambuzi huu. Pini aliyotutaka tuiige ilikuwa ya pili kutengenezwa kienyeji katika muda usiofika miezi kumi na minne, na ya kwanza ilikuwa humo humo mfukoni. Mafundi wawili tofauti walikuwa wameiga umbo la pini kwa uangalifu, na wote wawili walikuwa wameacha nje mambo mawili ambayo pini ile iliyategemea bila kuonekana. Kama nasi tungeiga tulichokabidhiwa, tungechonga uharibifu wa tatu, tena kwa mashine nzuri zaidi.

Sitataja aina kamili ya trekta hilo. Ni la kundi la matrekta ya Uingereza ya miaka ya 1960 na 1970, wenzake Massey Ferguson 135 na 165 na Ford 5000, ambayo bado yanalima Kanda ya Ziwa ingawa mengi yao yana umri mkubwa kuliko madereva wake. Hata ndani ya muundo mmoja viwanda vilitoa ekseli za zaidi ya namna moja, na najua kwamba nikiandika vipimo vyangu pembeni ya jina la trekta, kuna mtu atavichonga bila kupima la kwake. Vipimo nitakavyovitaja ni vya trekta hili moja tu.

Kazi ya pini yenyewe

Ekseli ya mbele ya trekta la namna hii haikukalia springi kama ya gari. Imening'inizwa katikati kwa pini moja inayopita kwenye braketi iliyofungwa mbele ya injini, na boriti hucheza kwenye pini hiyo kama mkono wa mizani, upande mmoja ukipanda mwingine ukishuka. Kwa hiyo trekta husimama juu ya nukta tatu, yaani matairi mawili ya nyuma na pini ile, na ndiyo maana matairi yote manne huendelea kugusa ardhi hata shamba likiwa na mashimo. Braketi hukandamiza pini kwenda chini, na pini hukandamiza bushi, yaani bomba fupi la shaba lililomo ndani ya boriti. Mwenye kulielewa hilo anajua hata kabla ya kufungua kwamba pini italiwa upande wa chini, bushi italiwa upande wa chini, na tundu la braketi, likiwahi kuliwa, litaliwa upande wa juu.

Ekseli za Usukumani zina adha yake ya ziada. Mashamba ya mpunga yamegawanywa kwa majaruba, na kila jaruba limezungushiwa tuta. Trekta likivuka tuta kwa mshazari, tairi moja hupanda kabla ya jingine, boriti hupinduka ghafla hadi mwisho wa uchezaji wake, kisha hupigwa tena upande wa pili tairi la pili linapofuata. Dereva anayelimisha majaruba siku nzima hurudia pigo hilo mara nyingi kuliko anayelima shamba la pamba lililonyooka. Akitoka mbugani akipanda kwenye luseni, yaani ardhi ya kichanga, hukutana na mchanga unaotokana na mawe ya granaiti yaliyozagaa kote Mwanza, ambao chembe zake za kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida cha pini. Mbuga hupiga, luseni husaga.

Jambo la mwisho la kueleza kabla ya kuendelea ni grisi. Pini hii haizunguki mzunguko kamili. Hucheza nyuzi chache tu kwenda na kurudi, kwa hiyo haipati nafasi ya kujitengenezea utando wa mafuta kama shafti inayozunguka kwa kasi. Grisi ikishakamuliwa kutoka upande wenye uzito, hairudi yenyewe. Inategemea kibomba cha grisi, na inategemea kuwa na njia.

Tulichosomeshwa na mfuko wa saruji

Pini ya kwanza ya kienyeji ilikuwa ya nondo nene, iliyosawazishwa mbavu zake kwa grinda. Kwa macho ilikuwa duara. Kwa vernia, kifaa cha kupimia hadi sehemu ndogo za milimita, haikuwa duara popote, kwani kipenyo kilitofautiana kwa zaidi ya nusu milimita kadiri tulivyoizungusha. Nondo si chuma kibaya, lakini imetengenezwa kuvutwa ndani ya zege, haikutengenezwa kusuguana na shaba. Ilikuwa imedumu miezi mitatu.

Pini ya pili ilikuwa na historia ya kuvutia zaidi. Fundi wa pili aliichukua pini asilia iliyotoka na trekta kiwandani, akaijaza kwa kuchomelea sehemu iliyoliwa, akaisawazisha kwa grinda na tupa. Kazi yake ya mkono ilikuwa nzuri, na ninasema hivyo bila kejeli. Tatizo la kujaza kwa kuchomelea ni kwamba chuma kilichoyeyushwa na kupoa haraka huwa na madoa magumu katikati ya sehemu laini, na madoa hayo, yakisuguliwa na bushi ya shaba, hufanya kazi ya tupa.

Hata hivyo ni pini hiyo iliyotuokoa. Kwenye ncha zake, mahali pasipofanya kazi ya kusuguana, palibaki ukanda mwembamba ambao haukuliwa wala haukuchomelewa. Vernia ilisoma milimita 31.73. Mtu aliyezoea vipimo vya metriki angeandika 32 au 31.5 na kuendelea na kazi, lakini trekta la Uingereza la miaka ile lilichongwa kwa inchi, na inchi moja na robo ni milimita 31.75. Tulikuwa tumepata kipimo cha kiwanda. Ninawashauri wanaochonga pini za mashine kuukuu waanze daima kupima mahali pasipofanya kazi, kwa kuwa mahali panapofanya kazi hapatunzi kumbukumbu.

Kitu kingine kilijitokeza tulipoisugua ncha hiyo kwa msasa. Rangi ya chuma ilibadilika ghafla katika umbo la mfereji mfupi uliokatwa kwa kukingama. Ulikuwa umejazwa kwa kuchomelea. Fundi wa pili aliona mfereji, akadhani ni ulaji, akauziba kama alivyoziba mwingine wote. Pini ya nondo nayo haikuwa na mfereji wowote. Hapo ndipo tulipomwambia yule mama kwamba hatuwezi kuchonga chochote mpaka tuione braketi, na braketi ilikuwa imebaki kwenye trekta, huko Magu.

Hakufurahi. Novemba ni mwezi ambao kila siku trekta likilala, ekari zake hulimwa na trekta la mtu mwingine, na wateja wa kulimisha hawamsubiri mtu. Akasema, "Fundi, umbo si unaliona? Barabarani unakwenda kutafuta nini?" Nilimjibu, "Mama, nakwenda kutafuta kilichozila hizi mbili." Akanyamaza, kisha akaniambia nipande gari.

Magu iko takriban kilomita 60 kutoka Mwanza kwa barabara ya Musoma. Trekta tulilikuta limesimamishwa vizuri, sehemu ya mbele ya injini ikiwa juu ya magogo yaliyopangwa kwa kukingamana na matairi ya nyuma yakiwa yamezuiwa kwa mawe mbele na nyuma. Nataja hilo kwa sababu nimeshaona mengi yakiwa yameegemea jeki peke yake na mtu amelala chini.

Braketi ilikuwa ya chuma cha kutupwa, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, yenye matundu mawili, la mbele na la nyuma, ambamo pini hupita. La mbele lilikuwa limeliwa kidogo. La nyuma lilikuwa limekuwa yai, milimita 33.9 kwa urefu wa wima, ulaji wote ukiwa upande wa juu kama inavyotarajiwa. Ubavuni mwa tundu hilo la nyuma palikuwa na tundu dogo lenye hesi, limejaa udongo mweusi uliokauka. Nilimuuliza dereva, kijana mwenye adabu na mwenye kujua trekta lake, ni la nini. Akasema, "Kaka, palikuwa na bolti. Pini ya nondo ilipowekwa bolti ikawa haiingii, tukaona haina kazi."

Bolti ile ndiyo iliyokuwa ikikaa kwenye mfereji wa pini na kuizuia isizunguke. Ilipotolewa, pini ikaanza kuzunguka pamoja na boriti. Uchezaji ambao ulipaswa kutokea ndani ya bushi ya shaba yenye grisi ukahamia ndani ya tundu la braketi, ambako hakuna shaba, hakuna grisi, na chuma cha kutupwa kinasuguliwa na nondo. Bushi hubadilishwa kwa gharama ya mchana mmoja. Braketi huhitaji kuondolewa rejeta na kufunguliwa sehemu yote ya mbele.

Kosa la pili lilikuwa ndani ya boriti, na lilitupa shida zaidi kulielewa kwa sababu dereva aliapa kwamba alipiga grisi kila asubuhi, na nilimwamini. Mabaki yake yalionekana mpaka kwenye bampa. Tulipoisukuma bushi kuitoa, tulikuta tundu lake la kupitishia grisi limegeuzwa robo mzunguko kutoka mahali pa nipo, ile chuchu ya kusukumia grisi kwa kibomba. Fundi aliyeipachika hakulinganisha matundu mawili. Grisi iliyosukumwa haikuingia ndani ya bushi hata siku moja. Ilipita kati ya mgongo wa bushi na boriti, ikatokeza pembeni, na dereva akiiona inatoka aliridhika kwamba imeingia. Miezi yote hiyo pini ilikuwa ikifanya kazi kavu, huku grisi ikimwagika sentimita moja kutoka ilipohitajika.

Hesabu ndogo kabla ya kuchagua chuma

Mafundi wengi wanapoambiwa pini imeliwa hujibu kwa kutafuta chuma kigumu zaidi. Ni jibu la haraka, na mara nyingi si sahihi. Tulipiga hesabu. Trekta hili lina uzito unaokaribia kilo 1,800, na tukikadiria kwamba theluthi moja hubebwa na ekseli ya mbele, pini hubeba takriban kilo 600. Bushi ina urefu wa milimita 75, na kipenyo cha pini ni 31.75, kwa hiyo eneo linalobeba ni takriban milimita za mraba 2,380. Kila milimita ya mraba inabeba robo ya kilo. Hata tukizidisha mara tano kwa ajili ya mapigo ya matuta, bado ni mzigo ambao shaba nyeusi huuvumilia bila wasiwasi na chuma chochote cha shafti hakiuhisi.

Pini zile hazikushindwa kwa udhaifu. Zilishindwa kwa ukavu na kwa kukosa kizuizi. Kwa sababu hiyo niliamua kutoigumisha kabisa pini yetu. Chuma kikipashwa moto hadi kuwa chekundu na kutumbukizwa kwenye mafuta kinakuwa kigumu, lakini kisiporudishiwa moto wa kiasi kwa joto linalopimwa, kinabaki kama kioo. Pini laini inayoliwa huanza kugonga, usukani huanza kuyumba, na dereva hupata wiki kadhaa za kuonywa. Pini iliyogumishwa vibaya hukatika kwenye tuta, na pua ya trekta hudondoka pale pale, dereva akiwa juu.

Chuma tulichokitumia ni kipande cha hafu shafti ya lori kutoka kwa muuza skrepa, chenye kipenyo cha milimita 45. Hafu shafti ni chuma cha kaboni ya wastani, kizuri kwa kazi hii, ila shafti nyingi za namna hiyo zimegumishwa ngozi ya nje na kisu cha kawaida cha mashine ya kukereza huteleza juu yake kama kucha juu ya chupa. Tuliigusisha kwenye grinda kuangalia cheche, zikatoka zenye matawi mengi mafupi, tofauti na cheche ndefu zisizo na matawi mengi za chuma laini. Tuliipasha kwenye makaa kwa feni hadi ikawa nyekundu, tukaifukia kwenye majivu makavu usiku kucha. Asubuhi tupa ilikuwa inashika. Ilikerezwa kutoka 45 hadi 31.75, maana yake ngozi yote ya kiwandani ilitoka na tukabaki na moyo wa shafti, ambao si mgumu sana lakini hauvunjiki ovyo. Kuna watakaosema huo ni upotevu wa chuma kizuri. Nakubali ni upotevu. Lakini mbadala wake, pini inayoweza kuvunjika ovyo, sikuukubali.

Kwenye ncha ya nyuma tulikata mifereji miwili ya bolti, mmoja mkabala na mwenzake, badala ya mmoja wa kiwanda. Pini iliyofungwa isizunguke huliwa upande mmoja tu. Ikiwa na mifereji miwili, siku upande wa chini ukichoka huondolewa, hugeuzwa nusu mzunguko, na hurudishwa ikiwa na uso mpya. Kwenye pini, huo ndio uhuru pekee tuliojipa dhidi ya umbo la kiwanda, na mpaka sasa ndio ninaojivunia.

Shaba ya bushi

Mwanza ina faida ambayo miji mingi ya bara haina, nayo ni ziwa. Kwenye skrepa za mwaloni, ufukweni zinapotia nanga boti, huonekana mabaki ya boti, na mabaki ya boti yana shaba. Muuzaji alitupa uchaguzi wa vitu viwili: kipande kinene cha jani la pangaboi la boti, na bushi kuukuu ya shafti ya pangaboi, yenye tundu la milimita 30 na ukuta mnene. Bei ilikuwa ya kilo, kwa hiyo kwake vilikuwa kitu kimoja.

Kwetu havikuwa kitu kimoja. Chuma cha pangaboi, ingawa huitwa shaba nyeusi, mara nyingi kina zinki nyingi na kimeongezewa nguvu ili jani lisipinde majini. Kinabeba mzigo mkubwa, lakini kinataka kisuguane na pini iliyogumishwa na iliyopakwa grisi bila kukosa. Pini yetu haikugumishwa. Tungekiweka, kingekula pini badala ya kuliwa. Bushi ya shafti imetengenezwa kwa shaba ya kusuguana, iliyo laini kiasi, inayokubali chembe ya mchanga ijizike ndani yake bila kukwaruza pini. Katika jozi ya namna hii lazima mmoja akubali kuliwa, na anayepaswa kukubali ni yule aliye rahisi kubadilishwa.

Boriti kwenye mashine

Tundu la boriti nalo lilikuwa yai, kwa kuwa bushi legevu ilikuwa ikicheza ndani yake. Bushi ya kiwanda ya inchi moja na nusu, yaani milimita 38.1, isingekaa tena. Ilibidi tundu lipanuliwe hadi liwe duara, na boriti ya ekseli yenye urefu unaozidi mita moja haiwezi kuzungushwa kwenye mashine yetu wala kwenye mashine yoyote ya jirani.

Tuligeuza mpango. Badala ya kuzungusha boriti, tuliifunga juu ya gari la mashine, mahali ambapo hukaa kishika kisu, kwa vibano na mbao ngumu, tukaweka kipande cha shafti chenye kisu kidogo katikati yake kati ya makucha na ncha ya nyuma. Shafti ikazunguka, boriti ikasogea taratibu kuifuata. Kukata kwenyewe kulichukua dakika arobaini. Kuiweka sawa kulichukua tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri, kwa kuingiza vipande vya bati jembamba chini yake hadi sindano ya kipimo ilipoacha kuhama tulipopima ncha zote mbili za tundu. Kazi hiyo haina njia ya mkato: tundu likikaa mshazari hata kidogo, ekseli itakaa mshazari, na trekta litavuta upande mmoja maisha yake yote.

Tundu likasimama kwenye milimita 40.00 kamili. Bushi tuliikereza mgongo 40.05 ili iingie kwa kubanwa, na ndani 31.95. Ilipobanwa ilinywea, kama tulivyotarajia, ikasoma 31.90, na kutuachia uwazi wa milimita 0.15 na pini. Uwazi huo ungekuwa wa aibu ndani ya injini. Kwenye kiungo kinachocheza polepole na kinachohitaji grisi ipite, unatosha. Safari hii tundu la grisi lilitobolewa bushi ikiwa tayari imeshakaa ndani ya boriti, keekee ikipitia tundu la nipo lenyewe, ili asiwepo wa kuligeuza.

Braketi ilifunguliwa na kuletwa Nyakato. Fundi mmoja alipendekeza tuijaze kwa kuchomelea. Nilikataa, kwa kuwa chuma cha kutupwa kikichomelewa bila kupashwa chote polepole na kupozwa polepole hupasuka pembeni ya mshono, wakati mwingine siku tatu baadaye. Tulipanua matundu yote mawili kwa mpangilio mmoja, bila kuifungua braketi katikati ya kazi, hadi 38, tukapachika pete za chuma zenye tundu la inchi moja na robo. Matundu ya braketi yanayopanuliwa kwa nyakati mbili tofauti hayatazamani.

Kosa letu

Mifereji ya kusambaza grisi ndani ya bushi tuliikata kwa umbo la nane, upande wa juu usio na uzito, ili upande wa chini ubaki mzima kwa kubeba. Mpaka hapo tulikuwa sahihi. Lakini mifereji hiyo nilipaswa kuikomesha kabla ya kufika kwenye ncha za bushi, na sikufanya hivyo. Niliipitisha mpaka nje, kwa haraka ya siku ya mwisho, nikijiambia kwamba itasaidia grisi kusukuma uchafu utoke.

Baada ya wiki tatu dereva alipiga simu. Alisema grisi inaingia kirahisi mno, kibomba hakipati upinzani, na jioni akitoka kwenye majaruba yenye maji anaona ute wa kijivu ukitoka mbele ya pini. Alikuwa ameeleza kosa langu vizuri kuliko ambavyo ningelieleza mwenyewe. Mfereji uliofunguka mwishoni ni mlango wa pande mbili: grisi ilitoka kwa njia fupi bila kuenea, na maji ya jaruba yakaingia kwa njia hiyo hiyo.

Tuliichonga bushi nyingine kutoka kwenye kipande cha shaba kilichobaki, mifereji ikiishia milimita 8 kabla ya kila ncha, tukaongeza oringi, pete ya mpira ya kuzuia maji, kila upande nyuma ya washa ya msukumo. Gharama ya bushi hiyo ya pili ilibebwa na karakana. Pini haikuwa imepata mkwaruzo wa kuhisika kwa kucha, jambo ambalo naliona kuwa ushahidi kwamba kuchagua shaba laini hakukuwa bahati.

Julai, baada ya msimu, trekta lilipopumzishwa, tulichomoa pini na kuipima. Ilikuwa imepoteza milimita 0.04 upande wa chini. Bushi ilikuwa imepoteza 0.11. Bolti ya kizuizi ilikuwa mahali pake, imeongezewa nati ya pili na dereva kwa hiari yake.

Nani achonge, nani anunue

Nimeulizwa tangu hapo na wenye matrekta wawili watatu kama ni afadhali kuchongesha kuliko kununua. Kwa trekta ambalo matundu yake bado ni ya kiwanda, jibu langu ni kununua. Pini na bushi za matrekta yaliyoenea hupatikana kwenye maduka ya spea, na hakuna sababu ya kutumia siku tano za mashine kutengeneza kitu kinachouzwa, mradi mnunuzi apime kwa vernia kabla ya kulipa na asidanganywe na boksi. Katika kisa hiki kununua kulikuwa kumeshapitwa na wakati. Pini mpya ya dukani ingeingia kwenye braketi yenye yai, ndani ya boriti yenye yai, na ingekuwa imekufa kabla ya Krismasi. Waliolazimisha kuchonga ni wale walioacha bolti nje.

Kuchonga nako kunaacha deni. Bushi ya boriti ile sasa ni ya milimita 40 kwa nje, kipimo ambacho hakimo katika kitabu chochote cha spea cha trekta hilo. Fundi atakayeifungua miaka minane ijayo, akiwa na bushi ya dukani ya inchi moja na nusu mkononi, ataiona inadondoka ndani ya tundu, na kishawishi cha kwanza kitakachomjia ni kuizungushia bati.

Kwa hiyo kabla ya kuikabidhi tulipiga namba kwa patasi za herufi kwenye ubapa wa boriti, pembeni ya nipo: 40.00, na chini yake 31.75. Yule mama alizitazama akauliza kama ni namba za usajili. Nikamwambia, "Ni vipimo vya bushi na pini, Mama, ili hata nisipokuwepo mtu asibahatishe." Akamwita dereva, akamwamuru azinakili kwenye daftari la ekari, ukurasa wa kwanza, juu ya majina ya wadaiwa.